Kutoka Kaaga Hadi Ribe: Daftari la Katibu wa Ushirika wa Wanaume

Jumatano. Meru hadi Voi

Mwenyekiti alitangaza saa kumi alfajiri. Basi liliondoka saa kumi na moja na nusu, kwa kuwa mweka hazina alisimama mlangoni na daftari lake na hakumruhusu mwenye deni kukanyaga ngazi. Alikuwa na haki. Michango ya safari ilikusanywa kila Jumapili baada ya ibada, na wapo waliodhani basi litawasamehe.

Mimi ni katibu wa Ushirika wa Wanaume katika kanisa letu la Kimethodisti, si mbali na Kaaga, na kazi niliyopewa ni kuandika. Chini ya basi tulipakia nduma, viazi, ndizi na majani ya chai, maana mtu haendi ugenini mikono mitupu. Wazee waliketi mbele, sisi wa makamo katikati, na vijana nyuma, karibu na spika.

Kwetu Meru historia ya kanisa huanza mwaka wa 1912, misheni ilipopanda huku na kupewa uwanja Kaaga. Lakini Kanisa la Methodisti nchini Kenya huhesabu umri wake tangu 1862, na mwaka wa 2012 lilisherehekea miaka 150. Ile miaka hamsini ya katikati hatukuwa nayo. Tuliisikia kwenye mahubiri tu, Ribe, Ribe, jina la kituo cha kwanza huko pwani, kama mtu anavyotajiwa kijiji cha bibi yake mzaa mama na hajawahi kupelekwa. Ndipo wanaume wakasema basi, twende.

Wazee nao walikuwa na lao. Tulipopita Chuka, mmoja akaanza kusimulia habari za Mbwaa. Wameru husema walitoka huko, mahali pa pwani penye maji, wakiwakimbia Nguuntune, watu wekundu waliowatumikisha, wakavuka maji wakiongozwa na Koomenjoe. Wapo wanahistoria walioitafuta Mbwaa kwenye visiwa vya Lamu, hasa Manda. Filipo M'Inoti, Mmeru wa kwanza kuwekewa mikono kuwa mchungaji wa Kimethodisti, aliyaandika masimulizi hayo ya asili ya Wameru katika miaka ya 1930, na aliyaandika kwa Kiswahili. Basi mzee akamalizia, "Sisi hatuendi pwani. Tunarudi." Dereva akamjibu kwamba kwake yeye ni kilomita mia saba, iwe kwenda au kurudi.

Baada ya Nairobi, tambarare za Athi zilipofunguka, mweka hazina alipewa kipaza sauti. Nilitarajia orodha ya wadaiwa. Badala yake alitusimulia habari za Bristol, mwaka wa 1742. Wafuasi wa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, walikuwa na deni la jengo lao la ibada, wakakutana kujadili watalilipaje. Nahodha mmoja wa meli, Foy, akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Mwingine akasema wengi ni maskini, hawana hata peni. Foy akajibu: nipeni mimi watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawazungukia kila wiki, na asiye na kitu nitamlipia mwenyewe. Wengine wakafuata mfano huo. Wale viongozi walipozunguka nyumba hadi nyumba waligundua mengine: huyu mgonjwa, yule amerudi kwenye ulevi, huyu hasemi na mkewe. Wesley akaona kwamba hicho ndicho chombo cha kuwatunza watu alichokuwa akikitafuta. Hivyo ndivyo darasa la Kimethodisti, kikundi kidogo cha waumini chini ya kiongozi wao, lilivyopata umbo lake, na viongozi wetu wa darasa wametoka hapo.

"Kwa hiyo," mweka hazina akasema, "kanisa letu lilikuzwa na chama cha kuchangishana. Msinikunjie uso tena." Akapigiwa makofi, na nadhani alikuwa amejiandaa kwa wiki nzima.

Makindu tulisimama kwenye hekalu la Makalasinga. Msafiri yeyote hula pale bure: chapati, dengu, chai. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa. Chanzo chake ni Makalasinga waliofanya kazi ya reli. Ushirika mzima wa Wamethodisti ulikaa kimya na vitambaa kichwani ukila dengu za watu wengine, na sikumsikia hata mmoja akiuliza kuhusu mafundisho ya dini.

Voi tulifika giza limeingia.

Alhamisi. Voi hadi Mazeras

Asubuhi milima ya Taita ilikuwa na mawingu. Nilisoma kwa sauti habari za mmisionari Charles New, kwa sababu njia yake ilipita pande hizi.

New alifika Ribe mwaka wa 1863. Mwaka wa 1871 alitembea kutoka pwani kupitia Taita na Taveta hadi Moshi kwa Mangi, yaani mtawala, Rindi, ambaye vitabu vya Wazungu humwita Mandara, akapanda Kilimanjaro hadi penye theluji. Vitabu husema ndiye Mzungu wa kwanza kufika hapo. Watu wake walishindwa na baridi, mmoja baada ya mwingine, wakabaki nyuma. Mmoja hakubaki. Aliitwa Tofiki, na alifika naye hadi kwenye theluji.

Basi zima lilinyamaza kidogo hapo. Kijana mmoja akauliza kutoka nyuma: Tofiki nani? Mwana wa nani? Sikuwa na la kumjibu. Jina la New limo katika kila kitabu cha mlima ule.

Kiongozi wa njia alikuwa Sadi bin Ahedi, mtu wa misafara wa pwani, Mwislamu. Kabla ya hapo huyu Sadi alikuwa amemkalisha chini mmisionari Thomas Wakefield na kumsimulia njia za misafara ya bara: vituo, maji, makabila, siku ngapi kutoka hapa hadi pale. Wakefield akaandika yote, na mwaka wa 1870 yakachapishwa London na Shirika la Kifalme la Jiografia. Wakefield mwenyewe hakuwa amezikanyaga njia hizo. Alikuwa na masikio mazuri na uaminifu wa kumtaja aliyemsimulia, na kwa wakati ule hilo la pili halikuwa jambo dogo.

New alirudi tena Moshi baadaye. Mara hiyo Mandara alimnyang'anya mali yake, naye akafa njiani akirejea pwani, mwaka wa 1875.

Kutoka Maungu hadi Samburu ni nyika ya Taru. Sisi tulipita tukiwa na maji ya chupa, na bado tulilalamika joto. Wapagazi walivuka hapa kwa miguu, na mizigo kichwani na maji ya kibuyu. Mzee aliyekaa karibu nami alitazama vichaka vile vya miiba muda mrefu, kisha akauliza kama mishahara yao ilikuwa ikilipwa. Huyu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa maisha yake yote, na maswali yake huwa ya aina hiyo.

Mazeras tulipokewa na wanaume wa ushirika wa pale. Sisi tukasema "Muuga", wao wakajaribu kujibu, wao wakatusalimu kwa lugha yao, sisi tukajaribu, na baada ya kicheko tukarudi kwenye Kiswahili. Mahamri na mbaazi za nazi. Kijana mmoja mwenyeji akamvuta mwenzetu pembeni, akauliza kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa ya chini vya kutosha, kama tumekuja na miraa. Mwenyekiti akakohoa. Mtu wa Meru akishuka pwani, swali hilo humtangulia stendi.

Ijumaa. Rabai na kuingia Ribe

Rabai si ya Wamethodisti. Ni ya Waanglikana, tangu Johann Ludwig Krapf wa CMS, shirika lao la misheni, alipofungua kituo hapo na Johannes Rebmann mwaka wa 1846. Lakini huwezi kuielewa Ribe bila kupita Rabai, na barabara yenyewe inakupitisha. Kuna kanisa la zamani, makumbusho, na nyumba za wamisionari.

Rebmann alikaa hadi 1875, karibu miaka thelathini, na akaondoka akiwa kipofu. Waumini wake walikuwa wachache sana. Wa kwanza kabisa kubatizwa alikuwa mlemavu aliyeitwa Mringe, naye alibatizwa akiwa karibu kufa, mwaka wa 1851. Mchungaji wetu alisimama mbele ya picha za ukutani akasema anatamani wanaoandika ripoti za sinodi wafike hapa, waone kituo kilichokuwa na muumini mmoja na kikatajwa katika historia. Sijui kama alikuwa anatania.

Methodisti iliingiaje? Krapf alirudi Ujerumani akiwa mgonjwa, lakini moyo wake ulibaki huku. Wamethodisti wa Uingereza wa tawi lililoitwa United Methodist Free Churches walikuwa wanatafuta mahali pa kupeleka watu, naye akawashawishi waje Afrika Mashariki, akakubali kuwaleta mwenyewe. Mwaka wa 1862 alifika na Waingereza wawili, Thomas Wakefield na James Woolner, pamoja na vijana wawili wa Uswisi. Waswisi wakaacha kazi. Woolner akaugua, akarudishwa kwao. Krapf naye, afya ikamshinda, akaondoka. Kabla mwaka haujazunguka vizuri, misheni nzima ya Methodisti Afrika Mashariki ilikuwa Wakefield na watu wa Ribe waliomkubalia akae.

Hilo la kukubaliwa wenyeji wetu walilisisitiza. Mzee mmoja wa Ribe, mhubiri aliyestaafu, alitupokea chini ya mwembe akasema: "Watu huuliza nani alileta kanisa. Sisi huuliza nani alitoa kiwanja." Wazee wa kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, walikuwa na uwezo wa kusema hapana. Walisema ndiyo.

Jioni alitusimulia habari za watoro. Pwani ya wakati ule ilikuwa pwani ya mashamba na utumwa, na mtumwa aliyetoroka shamba alijua kwamba juu ya vilima, Rabai na Ribe, kuna watu wa kitabu wanaosema binadamu hauzwi. Wakaja. Wenye watumwa nao wakapanda kuwadai. Wamisionari walikuwa katikati: wakiwarudisha, wanaikana imani yao, wakiwaficha, wanavunja sheria ya Sultani, na balozi wa Uingereza Zanzibar hataki ugomvi naye. Katika Umethodisti jambo hili lina mizizi mirefu. Wesley alichapisha kijitabu dhidi ya utumwa mwaka wa 1774, na siku chache kabla ya kufa, mwaka wa 1791, alimwandikia mbunge William Wilberforce asikate tamaa katika vita hivyo. Ni rahisi kuwa na msimamo ukiwa London. Mpaka 1889 kampuni ya Waingereza ilipowalipa wenye watumwa fidia, na zaidi ya watu elfu moja wakapewa hati zao za uhuru pale Rabai, kila aliyelala katika vituo hivi alilala sikio wazi.

Nilimuuliza mzee kama bado kuna familia zinazotokana na watoro hao. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, hilo hatuulizani." Nikafunga daftari.

Jumamosi. Ribe

Siku ya kazi. Ushirika wa wenyeji na wetu tuligawana mapanga na mafyekeo, tukaenda kusafisha makaburi ya wamisionari na njia yake. Wanaume wakipewa nyasi za kufyeka huongea kuliko wakipewa viti, na mambo mengi ya safari hii niliyasikia pale.

Rebecca Wakefield, mke wa Thomas, alifia Ribe mwaka wa 1873. Edmund Butterworth alifika 1864 na homa ikammaliza mwaka huohuo. Watu hawa walikuja wakijua takwimu za homa ya pwani kuliko sisi tunavyozijua leo, kwani barua za waliotangulia zilisomwa makanisani kwao. Sitaki kuwapunguzia chochote. Nilisimama hapo na kofia mkononi kama wengine.

Lakini yule karani wa kahawa, aliyekuwa akikata majani kwa mpangilio wa mistari kama daftari la hesabu, alisimama, akanyosha mgongo, akauliza: "Na wale waliowachimbia?" Mwenyeji mmoja akaonyesha kwa panga upande wa minazi na mashamba. Wako huko. Wapi hasa? Huko. Watu wa Ribe hawakuwa na desturi ya jiwe lenye maandishi, na wageni walioandika shajara kila siku waliandika "watu wangu", "wapagazi", "mvulana wa jikoni". Hapo tukaanza kuulizana nani anajua jina la mtu mmoja tu, mwanamume mmoja wa Ribe aliyebeba tofali la kanisa la kwanza. Wenyeji wakaanza kutaja, babu wa fulani, babu yake fulani, na mara wakaanza kubishana, kwa kuwa koo mbili zilimdai mtu mmoja. Nilipenda ubishi ule. Angalau walikuwa na majina ya kugombania.

Sisi wa Meru tulijaribu ya kwetu kwa siri. Nani alichonga benchi za kwanza za kanisa letu? Mimi, katibu, nina kumbukumbu za mikutano tangu ushirika uandikishwe, na humo kuna kila shilingi ya jeneza na kila bakuli la mazishi, lakini waliosimamisha nguzo za kwanza hawamo.

Mchana tukapelekwa hadi ukingo wa kaya. Misitu hii mitakatifu ya Wamijikenda iliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2008, na Kaya Ribe ni mojawapo. Masharti yanajulikana: vua viatu, usipige kelele, usitoke na hata kijiti. Hapo ushirika wetu uligawanyika. Baadhi walisema Mkristo haingii mahali pa matambiko. Wengine, na katika hao wamo wazee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, walivua viatu kabla hawajaambiwa. Kwetu Meru ugomvi huu ni wa zamani: je, mtu anaweza kuwa Mmethodisti kamili na mzee wa Njuri? Nyumba nyingi zimeukalia meza moja na hazijaumaliza. Mchungaji wetu alifanya jambo la busara, akakaa nje kwenye kivuli na waliokataa, akala embe.

Mimi niliingia. Miti ni mikubwa, ardhi ina ubaridi, na mzee wa kaya alizungumza kidogo sana. Aliulizwa kama wazee wa kale walijuta kuwakaribisha wamisionari. Akasema mgeni hakaribishwi mara mbili, na akishakaribishwa ni wako, pamoja na makosa yake. Kisha akatuuliza msitu wetu mtakatifu uko wapi na nani anaulinda. Mzee mmoja wetu akajibu Nchiru, akaanza kueleza, na nikaona wale wawili wametembea mbele wakizungumza kama watu wa kazi moja.

Jumapili. Ribe

Ibada ilianza kwa wakati, na wenyeji wakatutania kwamba ni kwa sababu ya wageni. Kwaya yao iliimba kwa Kiswahili, yetu kwa Kimeru, na kulikuwa na ushindani ambao hakuna aliyeukiri. Spika yetu ilizimika katikati. Yao haikuwapo, na sauti zao zilifika mbali zaidi.

Baada ya chakula, wali wa nazi na samaki, wenyeviti wawili waliketi na mafaili. Ushirika wa Ribe unasomesha vijana wawili chuo cha ufundi. Wa kwetu, kila likizo ya Desemba, unawakalisha wavulana waliotahiriwa na kuwafundisha, badala ya kuwaachia wahuni mafunzo hayo. Wenyeji waliuliza sana juu ya hilo: nani huchagua walimu, mnasema nini juu ya pombe, mnasema nini juu ya wasichana. Pombe hapa ni mnazi, na mnazi una mahali pake kwenye posa, kwenye matanga na kwenye kaya, kwa hiyo kiapo cha Kimethodisti cha kutokunywa kina uzito ambao sisi wa milimani hatuujui. Mzee mmoja alikiri kwamba kwenye posa hukishika kibuyu, hukipitisha kwa jirani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jumatatu. Mombasa

Kengeleni, mahali palipopewa jina na kengele ya Freretown, kituo cha CMS cha watumwa waliokombolewa. Kisha Nyali, kwenye kaburi la Rosine, mke wa Krapf, aliyekufa Julai 1844 pamoja na mtoto wao mchanga, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Krapf aliandika kwao kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi imeanza. Mimi kama mume nilisoma maneno hayo nikashindwa kuyapenda.

Alasiri bahari. Baadhi ya wazee hawakuwahi kuiona. Mmoja alionja maji kwa kidole, akatema, akasema basi ndiyo maana babu zetu walikimbia Mbwaa.

Jumanne. Golbanti

Tuliamka usiku. Malindi, kisha Garsen, kisha njia ya vumbi. Wengine walitaka kupumzika Mombasa, na kura ilipita kwa shida.

Ndoto ya Krapf tangu mwanzo ilikuwa kuwafikia Waoromo, na Wakefield akaishika miaka yote aliyokaa Ribe. Miaka ya 1880 kituo kikafunguliwa Golbanti, kando ya mto Tana. Kati ya waliofanya kazi hapo alikuwamo Mchungaji William During, Mwafrika kutoka Sierra Leone. Jambo hili wengi katika basi hawakulijua: kwamba katika misheni hii ya "Wazungu" alikuwamo Mmethodisti mweusi aliyevuka nusu ya bara kwa bahari ili kuhubiri Tana. Mwaka wa 1886 mmisionari John Houghton na mkewe Annie, ambao walikuwa na muda mfupi tu hapo, waliuawa pamoja na Waoromo kadhaa katika uvamizi wa Wamaasai.

Mahali penyewe ni pakimya na pana joto la mto. Watu wachache, mbuzi, makaburi. Mwenyeji wetu alikuwa na habari zaidi za mafuriko kuliko za Houghton, na nilimwelewa. Mafuriko huja tena.

Ngao ni jirani, nchi ya Wapokomo, ambako wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walifungua kituo 1887, na baadaye kazi yao ikaja mikononi mwa Wamethodisti. Huko tukakumbushwa kwamba tuni ya wimbo wa taifa la Kenya ni ya Wapokomo, wimbo wa kubembeleza mtoto. Vijana wakasimama wakaimba wimbo wa taifa pale kando ya mto, polepole, jinsi mama angeuimba. Hilo silielezi zaidi.

Tukalala Malindi.

Jumatano. Barabarani kurudi

Mkutano ulifunguliwa kwa sala Mariakani na ukafungwa karibu na Emali. Naandika kumbukumbu kama zilivyokuwa.

Hoja ya kwanza, kutoka kwa karani wa kahawa: kila darasa lilete majina ya wanaume walioanzisha kanisa letu, na kazi waliyofanya. Aliyechonga, aliyebeba mawe kutoka mtoni, aliyepika, aliyelinda usiku. Majina yaandikwe kwenye kitabu kimoja. Ikaungwa mkono.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba kanisa hili lilijitegemea tarehe 9 Januari 1967, likaongozwa kwanza na Mchungaji Ronald Mng'ong'o, na kuanzia 1970 na Lawi Imathiu wa kwetu Meru, na kwamba majina hayo makubwa yameshaandikwa na wengine. Yetu sisi ni madogo.

Mjumbe akauliza kama wanawake watakuwamo, kwa kuwa mawe mengi yalibebwa na wao. Mweka hazina akasema kitabu ni cha Ushirika wa Wanaume. Kelele. Ikaamuliwa Ushirika wa Wanawake waalikwe kuandika nasi kitabu kimoja, na gharama igawanywe.

Kisha mzee aliyekaa kimya tangu Ribe akainua mkono. Alimtaja mtu mmoja, ambaye jina lake lipo kwenye kumbukumbu halisi na silirudii hapa. Ndiye aliyechonga benchi zote za kwanza. Baadaye akaoa mke wa pili, akaondolewa kwenye orodha ya washiriki, na kwa miaka iliyobaki alisikiliza ibada akiwa nje ya dirisha. Je, naye aandikwe?

Mchungaji alisema sheria ya kanisa ilikuwa wazi. Kijana wa nyuma akasema benchi bado tunazikalia. Mwingine akasema tukimwingiza huyo, kesho tutaulizwa juu ya waliohamia makanisa mengine, na waliokufa walevi. Mjadala ulichukua kutoka Mtito Andei hadi Makindu, ambako tulishuka tukala tena dengu za Makalasinga, na ukaendelea na vitambaa kichwani.

Kura ilipigwa tuliporudi ndani ya basi. Waliokubali aandikwe walikuwa wengi. Mchungaji aliomba upinzani wake uwekwe kwenye kumbukumbu, na umewekwa. Mweka hazina atanunua kitabu, chenye jalada gumu, na risiti ataileta kikao kijacho.